Mashuka ya Mlangoni

Kanisani kwetu waliniita Mama wa Mlangoni. Jina hilo nilipewa na wanawake wenzangu, na kwa miaka minne nilitembea nalo kifua mbele. Kila Jumapili nilisimama kwenye mlango mkuu na kapu langu, na ndani ya kapu mlikuwa na mashuka ishirini na manne ya rangi ya bluu nzito, yamepigwa pasi na kukunjwa. Mwanamke akija na suruali, au na sketi iliyogoma kufika magotini, au na gauni la kumbana hadi unamwonea huruma akivuta pumzi, nilimfunga shuka kiunoni, akaingia. Akitoka anarudisha. Hakuna aliyefukuzwa kwenye mlango wangu, na hilo nililisema kwa kujigamba hadi lilipokuja kunitokea puani.

Mashuka yenyewe yalikuwa kazi ya mikono yangu. Siku za kazi mimi ni dobi. Si dobi wa beseni na kamba ya uani, hapana. Nafanya kazi kwenye nyumba kubwa ya kufulia, yenye mashine sita na chumba cha pasi ambacho mgeni akiingia hutafuta mlango kabla hajasalimia. Tunafua mashuka ya hoteli na ya hospitali, na yakichakaa yanatupwa. Niliomba yaliyochakaa, nikayakata, nikayachovya kwenye pipa la rangi, nikayapiga pindo. Kila moja nikalishonea vikamba viwili kwenye ncha, ili mtu afungwe upesi bila kuhangaika na pini. Ukiniuliza, hakuna kitu nilichowahi kushona kwa raha kama mashuka yale.

Upesi ulikuwa jambo la maana, lakini la maana zaidi lilikuwa kutotazama, na hilo nililitunga mimi. Zamani mwenzangu wa zamu, yule tunayemwita Bi Tabasamu kwa kuwa meno yake hayana siku ya mapumziko, alikuwa anamtazama mtu miguuni, anampandisha hadi usoni, anatabasamu, ndipo anamfunga. Kuna binti alilia palepale mlangoni akageuza, na hatukumwona tena. Nikasimama kwenye kikao cha wanawake nikasema, jamani, tusiwatazame watu usoni. Macho yetu yaishie kiunoni. Funga, sema "Karibu dada, Mungu akubariki, ukitoka urudishe," kisha mwachie apite. Mtu asijue tumemjua, aibu yake abaki nayo mwenyewe. Mchungaji alilisifu wazo hilo mbele ya kanisa zima, akaliita upendo wenye adabu. Siku hiyo nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, nikasahau hata kununua chumvi niliyokuwa nimeifuata.

Lakini nisijipake mafuta. Mlangoni sikuwekwa kwa sababu ya upendo. Niliwekwa kwa sababu ya mkasi, na mkasi huo niliutumia kwenye nguo za mwanangu.

Nina mtoto mmoja tu, wa kike. Baba yake alituacha na kwenda kaburini mtoto akiwa bado ananyonya, na nikamlea kwenye chumba cha pasi, katikati ya marundo ya foronya. Alijua kukunja shuka kabla hajajua kusoma. Akakua, akawa mrefu, mbishi, mwenye kucheka kwa sauti hata mahali pa kunong'ona, akaenda chuo cha ufundi kusomea umeme. Mimi nikasema sawa, umeme ni kazi safi, atakaa ofisini na vitufe vyake. Kumbe ni umeme wa nguzoni. Akaajiriwa, akapewa sare: shati zito, kofia ngumu na suruali mbili za kijivu. Alizitandika kitandani akaziangalia kama mtu aliyeletewa mahari.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili mchana, na kesho yake ndiyo alikuwa anaanza kazi. Alipokwenda kusuka nywele, nikachukua mkasi. Nilifumua mishono ya ndani ya miguu yote minne, nikatia vipande vya kitambaa katikati, nikapitisha cherehani. Aliporudi jioni, alikuta sketi mbili ndefu, zimenyooka, zina pasi. Nilizishona vizuri, hilo nalo niliseme.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekusitiri."

"Mama, mimi napanda nguzo."

"Panda. Nani kakukataza? Vaa kaptula kwa ndani."

Akakaa kitandani. Akaninyanyulia sketi moja juu kabisa, mkono umenyooka, nikawa naitazama kutokea chini. "Sasa mimi niko huku. Wanaoshika ngazi wako hapo ulipo. Wanaona nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Na kwa kuwa sikuwa nimelifikiria, nilimpandishia sauti. Nilimwambia mwanamke mwenye heshima hafuati kazi itakayomtoa kwenye heshima, nikamwambia kanisani watanionaje, nikamwambia baba yake angekuwa hai angejifunika uso. Aliniacha nikamaliza. Asubuhi akaenda kazini na gauni la kanisani, akarudishwa nyumbani kabla ya saa tatu. Nafasi yake ilikaribia kupewa mtu mwingine. Wiki mbili alikuwa anakwenda kuomba na kupiga magoti kwenye ofisi ya watu, na walipomkubalia na kumpa sare nyingine, hakuileta nyumbani. Alipanga chumba mbali na akahamia huko na begi moja. Hakunitukana, hakupiga kelele. Aliniamkia, nikamwitikia, akaondoka.

Mimi nikaenda kuyasimulia hayo kwenye kikao cha wanawake, nikiwa na uchungu wangu, na wao wakanipigia makofi. Wakasema mama gani siku hizi ana msimamo namna hii. Wiki iliyofuata nikapewa mlango. Nilipoteza mtoto nikapewa kapu, na mimi, mwanamke mzima mwenye akili zangu, nikashukuru.

Miaka minne ikapita. Mwanangu alibadilisha namba ya simu na sikupewa mpya. Habari zake nilizipata kwa mdogo wangu, msusi, ambaye mwanangu anampenda, naye hujua kunyamaza kuliko mtu yeyote niliyezaliwa naye. Akija kunitembelea kazini nilimwuliza, "Hajambo?" Ananijibu, "Hajambo." Basi, habari ndiyo hiyo, tukahamia kwenye mengine.

Hadi siku moja aliponikuta napiga pasi foronya za hospitali, akanivuta pembeni. "Dada, kaa kwanza."

"Nikae kwa nini? Sema."

"Mwanao alianguka mwaka jana. Nguzoni. Alilazwa majuma mawili, mguu ukafungwa bandeji ngumu miezi miwili."

Nilikaa bila kuambiwa tena, juu ya rundo la foronya safi, na hakuna aliyenikemea. "Mwaka jana? Na hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Alikukataza kwa nini? Mimi si mama yake?"

Mdogo wangu alitazama chini. "Alisema utakuja hospitali na sindano na uzi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kabla ya kulia. Ndivyo anavyosema yule mtoto. Kisha nikalia hadi wenzangu wakazima pasi. Mwanangu alikuwa amelala na mguu uliovunjika, na kwa vile hospitali ni wateja wetu, huenda mashuka aliyolalia niliyapiga pasi mimi mwenyewe. Nikauliza, "Anatembea?"

"Anatembea. Kabadilika tu."

"Kabadilika vipi?"

"Utamwona mwenyewe, dada, ukitaka kumwona."

Ndipo nikatoa ujumbe, naye akaandika kwenye simu yake palepale. Nilimwambia aandike hivi: Njoo kanisani Jumapili. Njoo na suruali yako. Mama mwenyewe atakupokea mlangoni, na hatakufunga shuka, mbele ya watu wote hatakufunga. Mdogo wangu aliniuliza kwa nini asije nyumbani tu, tukapika, tukayamaliza kimyakimya. Nikamwambia hapana. Makofi nilipigiwa kanisani, basi aibu nayo niipate hapohapo. Nilitaka nione meno ya Bi Tabasamu yakifungika. Nilitaka nimshike mwanangu mkono na suruali yake nimpeleke hadi benchi la mbele. Nililala siku tatu nikijiona ninavyomshika.

Jibu lilikuja jioni ileile. Mdogo wangu alinisomea: "Mwambie nitakuja. Ibada ya pili."

Jumapili hiyo niliamka nikasahau hata mgongo unaoniuma. Nilipiga pasi kitambaa changu cha kichwa mara mbili. Nikafika mlangoni mapema, nikasimama mahali ambapo naiona barabara hadi kwenye kona ya duka la rangi, kwa sababu kila anayekuja kwa miguu hutokea pale. Na siku zinavyojua kumkomoa mtu, ndiyo siku tuliyopata wageni. Kwaya ya wanachuo ilikuja kututembelea, wasichana kwa wavulana, na katika wale wasichana sidhani kama watano walikuwa na sketi. Walikuja kwa makundi wakinizonga mlangoni. Juu ya kichwa changu kipaza sauti kilikuwa kinanguruma, wapiga vyombo wakijaribu ngoma zao. Bi Tabasamu aligawa vitabu vya nyimbo, mimi nikafunga.

Sijawahi kufunga upesi namna ile. Nainama, navuta shuka, nazungusha, kikamba kushoto, kikamba kulia, fundo, "karibu dada, Mungu akubariki, ukitoka urudishe," kisha nainua macho moja kwa moja hadi barabarani, huyu akiwa bado hajasogea. Gauni likitokea kwenye kona moyo unaniruka. Namtazama mwenye gauni tangu dukani hadi getini, naona kumbe ni mke wa fundi saa, au ni yule mwalimu mstaafu, moyo unarudi mahali pake. Nainama tena. Nilikuwa naogopa jambo moja tu: kwamba mwanangu atafika nikiwa nimeinama, asinione, afikiri sikusimama.

Katikati ya msongamano huo ikaja suruali nyeusi. Naikumbuka kwa sababu ya pasi. Mstari ulikuwa umesimama kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu bila kupinda, na magotini hapakuwa na ule mng'ao wa kitambaa kilichounguzwa. Nikasema moyoni, huyu ana dobi anayejua kazi. Mwenyewe alisema, "Shikamoo mama," na mimi nikaitikia, "Marahaba," kama ninavyowaitikia wote, maana mlangoni pale mimi ni mama wa kila mtu. Nikazungusha shuka. Aliinua mikono kidogo, pembeni, kama mtoto anavyofanya akivishwa nguo. Nikafunga fundo. "Karibu dada, Mungu akubariki, ukitoka urudishe." Hakusogea. Akabaki amesimama mbele yangu, miguu imekaa pamoja, na mimi natazama juu ya bega lake kwenye kona ya duka la rangi. "Songa dada," nikamwambia, "kuna watu nyuma yako." Nikaweka kiganja mgongoni pake nikamsukuma, taratibu, kwa adabu.

Huyo ndiye alikuwa mwanangu. Nakuambia sasa hivi usije ukahangaika kama nilivyohangaika mimi, ambaye nilimsubiri saa mbili nzima nikiwa nimeshamfunga.

Wageni wakaisha, nyimbo zikaanza, mlango ukabaki na mimi peke yangu na kapu lililobaki na mashuka mawili. Walitangaza matangazo, wakasoma maandiko, wakaomba. Bi Tabasamu akatoka kuniita. "Mama wa Mlangoni, ingia, jua hilo."

"Namsubiri mwanangu."

"Yule wa umeme?" Meno yote nje. "Aah. Hawa watoto wetu. Ameahidi atakuja?"

"Ameahidi."

"Basi tumwombee," akasema, akarudi ndani, na kwenye kurudi kwake nilisikia jinsi atakavyolisimulia.

Mahubiri yakaanza. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vinaniuma, na kule kwenye kona ya duka la rangi hapatokei mtu ila mbuzi mmoja wa jirani. Hasira zikaanza kunipanda kutoka miguuni. Nikaanza kuhesabu yote: uchungu wa kumzaa, joto la chumba cha pasi nikiwa naye mgongoni, ada za chuo. Nimejishusha, nimeandika mwenyewe kwamba aje na suruali, nimekubali kudhihakiwa, naye ameniacha nimesimama nje ya nyumba ya Mungu kama mwizi. Nikatoa simu nikampigia mdogo wangu.

"Hakuja."

"Subiri, dada. Labda yuko njiani."

"Njiani gani? Mahubiri yanaisha! Mwandikie."

"Nimwandikie nini?"

"Mwandikie asante. Mwandikie nimesimama hadi miguu imevimba. Mwandikie kwamba alipoanguka sikuambiwa, na mimi nikianguka asiambiwe. Nikifa asije kuzika. Mwandikie sina mtoto."

"Dada, tulia kwanza."

"Mwandikie hivyohivyo, neno kwa neno, au na wewe usinipigie tena."

Akasema, "Haya." Mdogo wangu akisema haya huwa amefanya.

Niliirudisha simu kwenye mkoba nikajisikia nafuu. Ndiyo, nafuu, sitaficha. Nikaingia ndani, nikasimama ukutani karibu na mlango na kuimba wimbo wa mwisho kwa sauti kubwa. Kuna mtu alinyanyuka kwenye benchi la nyuma upande wa madirisha akatoka kwa mlango wa pembeni, na mimi nikawaza tu kwamba watu hawana subira siku hizi.

Ibada ilipoisha nikarudi na kapu langu. Wanachuo walifungua mashuka wakayarundika, wengine wakayatupia kwa mbali huku wakicheka, vikamba vimejisokota. Nikahesabu, ishirini na moja, na mawili yaliyobaki kapuni, ishirini na matatu. Nikapita kwenye mabenchi kutafuta moja lililobaki. Nililiona kwenye benchi la nyuma, upande wa madirisha.

Lilikuwa limekunjwa. Si kukunjwa kwa mtu yeyote. Lilikunjwa kwa mkunjo wetu wa chumba cha pasi: ncha kwa ncha, pindo likaangalia chini, vikamba vikalazwa ndani ili visining'inie, halafu kiganja kikapitishwa juu mara moja kulitoa hewa. Mkunjo huo haufundishwi mahali pengine. Mimi nilifundishwa na msimamizi wangu wa kwanza, marehemu sasa, na katika maisha yangu nimemfundisha mtu mmoja.

Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimelishika. Nikaikumbuka suruali nyeusi, nikakumbuka ule mstari wa pasi, nikakumbuka hata kiganja changu kilivyogusa mgongo mpana, wenye nguvu, ambao sikuujua. Uso sikuukumbuka kwa sababu sikuwa nao. Simu ikalia kwenye mkoba. Mdogo wangu alikuwa analia, na yeye si mtu wa kulia.

"Dada, alikuwa ndani! Ananiambia alikuwa ndani! Ulimfunga shuka mwenyewe, ukamwambia arudishe."

Bi Tabasamu alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati ananitazama, na safari hii hakutabasamu, sijui kwa nini. Nilitamani angetabasamu nipate wa kumgombeza.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda kwenye yadi ya mafundi umeme, nikamwambia mlinzi namtafuta mwanangu, nikasimama karibu na nguzo zilizolazwa na magurudumu makubwa ya waya. Siku hiyo nilitazama nyuso zote. Kila aliyetoka nilimkazia macho hadi wengine wakanisalimia kwa kudhani wananijua. Alipotokea nilimjua kutoka mbali. Amenenepa, amenyoa nywele zote, mguu wa kulia anaukanyagia kwa kuuonea huruma, na kidevuni ana kovu dogo jipya. Ni uso uleule. Mtu angeniambia siwezi kuujua uso ule ningempiga kofi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanikauka mdomoni yote, likabaki moja. "Sikukutazama."

"Najua."

"Hatutazami usoni. Ndio utaratibu, tusiwatie watu aibu. Nilikuwa nakutafuta barabarani, ndiyo maana nilikuwa nafunga haraka, nisikukose."

"Najua, mama. Mwanzoni nilidhani umenijua ukajitia hamnazo. Nikakaa nyuma, nikawa nakutazama. Ulifunga watu tisa baada yangu, na hukumtazama hata mmoja. Nikacheka peke yangu. Nikasema ibada ikiisha nitamwendea nimshike mabega, nimwambie, haya, nitazame, tucheke wote." Akasogeza kofia yake ngumu kutoka kwapa moja kwenda kwapa jingine. "Ndipo ujumbe wako ukaingia."

"Zile zilikuwa hasira. Sikujua uko ndani."

"Na kama nisingekuwa ndani? Kama ningeitwa kazini, au ningekuwa nimeanguka tena? Ungekuwa umeniandikia maneno yaleyale."

Wenzake wawili walikuwa wanapakia ngazi kwenye gari, wakijifanya hawasikii. Nikamwambia, "Nilikuwa nimejiandaa kukukumbatia. Kweli tena. Nilisema sitakufunga, na nisingekufunga."

"Nakuamini."

"Basi njoo nyumbani. Njoo leo. Njoo na hiyohiyo uliyovaa."

Alinitazama usoni, na kutazamwa vile baada ya miaka minne kulinitia haya, nikashusha macho kwa mazoea hadi kiunoni pake. Nikaona mkanda mpana wa kupandia, na suruali ya kijivu. Nikainua macho haraka, lakini alikuwa ameona.

"Nikuulize kitu, mama, na usinifiche. Wenye suruali wote walipita mikononi mwako. Na ulijua nitakuja na suruali, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia. Sasa kule barabarani ulikuwa unatafuta nini? Huyo mtoto uliyekuwa unamsubiri atokee kwenye kona, alikuwa amevaa nini?"

Kulikuwa na uongo mwingi mzuri wa kumwambia, na mwingine ulikuwa tayari ulimini. Lakini nilikuwa nimemwona tayari, yule niliyemsubiri siku tatu nikiwa kitandani na saa mbili nikiwa mlangoni. Nilimwona wazi, hadi rangi ya nguo yake.

"Gauni," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, bila hasira, na ndicho kilichonikata maini, maana hasira zake nazijua na ningezivumilia. Msimamizi wao alimwita kwa jina nisilolijua, jina la utani la kazini, naye akaitika. Akavaa kofia, akavaa glovu moja, kisha ya pili.

"Basi akija huyo, mama," akasema, "mpokee."

Akapanda nyuma ya gari pamoja na wenzake, mlinzi akawafungulia geti.